Je, mgonjwa aliyevunjika mfupa hukabidhiwaje daktari kwa daktari?

Wiki hii tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni sehemu ya tiba, nalo ni namna daktari mmoja anavyomkabidhi mgonjwa wake kwa daktari mwingine. Nimechagua wagonjwa waliovunjika mifupa kwa sababu hao huhamishwa sana. Mtu wa malaria isiyo kali anaweza kupimwa, kupewa dawa na kupona akiwa amemwona tabibu mmoja tu. Kijana aliyeanguka na bodaboda akavunjika paja hawezi. Mpaka siku atakapotupa magongo atakuwa amepita mikononi mwa watu wengi, na baadhi yao hawajawahi kuonana uso kwa uso.

Hebu tumfuatilie. Ameanguka magharibi, wasamaria wamempeleka zahanati. Zahanati wamemfunga kipande cha ubao na kumpeleka hospitali ya wilaya, ambako tabibu wa zamu, mtu wa kada yangu, amemwekea dripu, amempa dawa ya maumivu na kumwandikia barua ya rufaa. Tuseme amefika Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, au amepelekwa KCMC kule Moshi au Bugando kule Mwanza. Katika hospitali kubwa namna hiyo atapokewa na daktari wa dharura, kisha atakuja daktari wa mifupa wa zamu ya usiku. Asubuhi wa usiku anakwenda kulala na mgonjwa anapewa timu nyingine. Timu hiyo ikigundua kuwa nyonga nayo imeumia, au uti wa mgongo, ataitwa bingwa wa sehemu hiyo na pengine mgonjwa atahamishiwa kwake kabisa. Akishapasuliwa yuko mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yupo daktari wa kliniki, na mwisho anarudishwa wilayani kwetu.

Kwa nini watu wengi hivyo? Upasuaji wa mifupa siku hizi umegawanyika. Yupo bingwa wa ajali, yupo wa nyonga na magoti bandia, yupo wa mgongo, wa mikono, wa watoto. Kila timu ina siku yake ya kliniki na siku yake ya chumba cha upasuaji. Mimi siulaumu mgawanyo huo, kwani anayepasua nyonga kila wiki ataipasua vizuri kuliko anayefanya hivyo mara moja kwa mwaka. Pia daktari aliyekesha lazima alale. Marekani mwaka 2003 iliwekwa kanuni kwamba daktari aliye mafunzoni asizidishe wastani wa saa 80 za kazi kwa wiki, na jambo moja lililoonekana mapema ni kuwa zamu zilipofupishwa, makabidhiano yaliongezeka. Uchovu ulipunguzwa mlango wa mbele, na upotevu wa habari ukapata nafasi ya kuingia mlango wa nyuma.

Sisi tuliosoma madrasa tulifundishwa kuwa habari hutazamwa pia mapokezi yake: nani kasikia kwa nani. Habari za mgonjwa nazo ni hivyo hivyo. Kila anapohama, aliyempokea anategemea alichoambiwa na aliyemtangulia. Mmoja akisahau, wote wanaofuata hawajui, na hawajui kwamba hawajui.

Yanayopotea njiani

La kwanza kupotea ni saa. Ajali ilitokea saa ngapi? Ndugu husema "jioni", barua husema "leo", na barua hiyo husomwa kesho yake. Kwa mfupa uliotoboa ngozi saa ni kitu kikubwa. Miongozo ya madaktari wa mifupa wa Uingereza inataka antibayotiki itolewe, ikiwezekana, ndani ya saa moja tangu mtu aumie. Basi kama zahanati walimchoma sindano na hawakuandika, hospitali ya wilaya watadhani hajachomwa. Kama hawakumchoma na kila mtu akadhani wamemchoma, hapo ndipo mfupa unapooza. Sindano ya pepopunda nayo inapotea kwa njia hiyo hiyo.

La pili ni hali ya mkono au mguu kabla ya kufungwa. Je, vidole vilikuwa vinachezacheza? Alikuwa anahisi akiguswa? Mapigo ya damu kwenye kifundo yalikuwepo? Daktari wa asubuhi akikuta vidole vimekufa ganzi, anahitaji kujua kama ganzi hiyo ilikuwepo tangu barabarani au imekuja usiku. Uamuzi wake wote unasimama hapo. Ganzi mpya ni jambo la dharura, wala haisubiri raundi.

La tatu ni mifupa midogo. Mgonjwa aliyevunjika sehemu nyingi, kila timu humtazama mfupa wake. Wa paja anaona paja, wa nyonga anaona nyonga. Kidole cha mkono kilichovunjika au mfupa wa unyayo hukaa wiki mbili bila mtu kuuona, mpaka mgonjwa anapopewa magongo na kushindwa kuyashika. Kwa sababu hiyo hospitali nyingi duniani zina desturi ya kumpima upya majeruhi mkubwa, kutoka kichwani mpaka vidole vya miguu, katika saa 24 za mwanzo baada ya kulazwa, kana kwamba ndiyo kwanza amefika.

Lipo pia suala la kula. Mgonjwa huambiwa asile kwa sababu atapasuliwa. Timu ikibadilika, upasuaji unaahirishwa, na hakuna anayekumbuka kumwambia ale. Nimeona bibi mzima amekaa tangu usiku hadi alasiri ya pili bila kitu tumboni, kila muuguzi akiamini kuwa timu nyingine imekwisha toa ruhusa. Kawaida ya dawa za usingizi ni saa 6 kwa chakula na saa 2 kwa maji matupu. Bibi yule hakuwa ametia nia ya saumu.

Lakini lililo zito kuliko yote, na ambalo nataka kila mzazi alijue, ni misuli kubanwa ndani ya hogo, yaani ile plasta ngumu. Mfupa ukivunjika, nyama za pale huvimba. Ndani ya mkono na mguu, misuli imefungwa katika mifuko ya ngozi ngumu isiyotanuka. Uvimbe ukikosa pa kwenda, damu inashindwa kupita, na misuli huanza kufa ndani ya saa chache. Ikifika saa 6 hadi 8 sehemu iliyokufa hairudi tena. Hogo lililokaza, au bandeji iliyokaza, huongeza mbano. Hutokea sana mfupa wa muundi unapovunjika, na kwa watoto mkono unapovunjika juu ya kiwiko au kati ya kiwiko na kiganja.

Dalili yake kubwa ni maumivu. Si maumivu ya kawaida ya kuvunjika, ambayo hutulia mtu akishafungwa na kupewa dawa. Haya yanazidi kila saa, dawa haiyawezi, na ukimkunjulia vidole taratibu analia. Wengi hungoja vidole viwe baridi au mapigo ya damu yapotee. Hizo ni dalili za mwisho kabisa, na mara nyingi mapigo yapo huku misuli imeshakufa.

Sasa tazama jinsi makabidhiano yanavyoingia hapa. Mtoto mmoja wa miaka 9 alianguka kutoka juu ya mwembe, akavunjika juu ya kiwiko. Katika hospitali moja nisiyoitaja alifungwa hogo jioni. Daktari wa jioni alimwambia wa usiku: "Mtoto wa kiwiko, nimeshamfunga, hana shida." Usiku mama yake alimwita muuguzi mara tatu. Mtoto akapewa dawa ya maji ya maumivu, kwa sababu habari iliyokuwepo ilisema hana shida. Asubuhi akakabidhiwa timu ya watoto kwa maneno yale yale, na siku hiyo ilikuwa siku yao ya upasuaji, wakafika kitandani kwake baada ya adhuhuri. Hogo lilipasuliwa hapo hapo. Miezi mitatu baadaye aliletwa kwetu kwa ajili ya mazoezi, vidole vimekunjamana ndani ya kiganja, havinyooki. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann alieleza mkono wa namna hiyo mwaka 1881, kwa hiyo si ugonjwa mgeni.

Hakuna daktari hata mmoja kati ya wale watatu ambaye hakujua tatizo hilo. Kilichokosekana ni sentensi moja zaidi jioni ile: "Nimemfunga akiwa amevimba, akilalamika maumivu usiku, pasua hogo na uniite."

Madaktari wanafanya nini?

Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 liliyataja makabidhiano ya wagonjwa miongoni mwa mambo tisa yanayotakiwa kurekebishwa kwa usalama wa mgonjwa. Baada ya hapo likaja na orodha ya ukaguzi kwa ajili ya chumba cha upasuaji, na hapa tuna haki ya kujivunia kidogo, kwa sababu miongoni mwa hospitali nane zilizoijaribu orodha hiyo kati ya 2007 na 2008, moja ilikuwa hapa kwetu Ifakara. Nyingine zilikuwa katika miji kama London, Toronto, Amman na Manila. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo mengine makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha yenyewe haina maajabu. Inauliza jina la mgonjwa, upande unaopasuliwa ni wa kulia au wa kushoto, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani, mpasuaji, mtu wa usingizi na muuguzi wanatakiwa waseme kwa sauti ni jambo gani la kuangaliwa wodini.

Kwa makabidhiano yenyewe, utafiti unaotajwa sana ni ule uliochapishwa mwaka 2014 kutoka hospitali tisa za watoto za Marekani na Kanada, uliohusu wagonjwa 10,740 waliolazwa. Madaktari walifundishwa utaratibu mmoja uitwao I-PASS. Aseme kwanza mgonjwa ana hali gani, kisha historia yake kwa ufupi, kisha kazi zilizobaki na nani azifanye, kisha "likitokea hili, fanya hili". Mwisho kabisa anayepokea arudie kwa mdomo wake alichokisikia. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23, na madhara yaliyoweza kuzuilika yakapungua kwa asilimia 30. Wale walikuwa watoto wa maradhi mbalimbali, si wa mifupa peke yake, lakini mimi naona sehemu mbili za mwisho ndizo zingemfaa yule mtoto wa mwembe.

Kwenye mifupa upo pia utaratibu wa mkutano wa asubuhi, ambapo wa usiku na wa mchana wanakaa pamoja, picha za eksirei zinawekwa ukutani, kila aliyelazwa anatajwa, na kabla ya kwenda kwa mwingine inaamuliwa ni wa timu gani. Uamuzi huo wa mwisho ndio mgumu. Mgonjwa ambaye timu mbili zinamtazama yumo katika hatari ya kila moja kudhani ni wa mwenzake.

Ndugu nao hukabidhiana

Hapa nageukia kwako ndugu msomaji. Sisi nyumbani huwasema madaktari, tukasahau kwamba na sisi tunabadilishana zamu kitandani. Asubuhi yuko mama, mchana shangazi na chakula, jioni baba mdogo akitoka kazini. Daktari anapita saa 3 asubuhi na kumwambia mama: "Mguu huu asiukanyagie kabisa wiki sita." Mama anapomwachia shangazi, anasema: "Wifi, anaendelea vizuri, alhamdulillah." Jioni baba mdogo anakuja na nguvu zake, anamshika mgonjwa mkono: "Twende bwana, usijidekeze, ukitembea utapona haraka." Wanakwenda chooni kwa miguu miwili. Chuma kinapinda.

Dawa yake ni daftari la shule la shilingi chache, likae chini ya mto. Mnaandika tarehe, jina la daktari aliyepita na timu yake, alichosema, na kilichokatazwa. Ajaye anasoma kabla ya kumgusa mgonjwa. Ukurasa wa kwanza uandikwe saa ya ajali, saa aliyofungwa hogo, dawa anazotumia nyumbani za presha au sukari, na dawa inayomdhuru. Kama ana sikoseli, liandikwe kwa herufi kubwa. Mwanamke mwenye mimba aseme kabla ya kila eksirei, maana aliyeambiwa jana si huyu wa leo.

Mgonjwa akihamishwa timu, ulizeni swali moja kwa adabu: "Daktari, kuanzia sasa mgonjwa wetu yuko chini ya nani?" Muuguzi wa wodi atakujibu. Akisita, mwombe akuulizie kabla zamu haijabadilika, hasa Ijumaa na siku za kuamkia Idd, ambapo madaktari waliopo ni wachache na wengi wao hawamjui mgonjwa. Na maumivu yanayozidi ndani ya hogo msiyaambie "subirini raundi". Semeni hivi hivi: maumivu yanazidi, dawa haijasaidia, tunaomba daktari aangalie kama hogo limebana. Ukisema tu "mtoto analia", utapewa dawa ya maji.

Lipo kabidhi lingine baya zaidi, nalo ni pale familia inapomtorosha mgonjwa kumpeleka kwa fundi wa kuunga mifupa. Fundi hajui mguu ulikuwaje, hospitali haijui fundi kafanya nini, na vijiti vinakazwa juu ya uvimbe. Ukiamua kwenda huko sina uwezo wa kukufunga. Ila vidole vikibadilika rangi rudi siku hiyo hiyo, na useme ukweli wote ulikopita. Hatutakugombeza. Tunahitaji kujua kamba ilikazwa lini.

Kwa wazee waliobadilishwa nyonga lipo jambo linalotugusa zaidi sisi. Nyonga ya bandia inaweza kuchomoka wiki za mwanzo ikikunjwa kupita kiasi. Mpasuaji anaweza kuifikia nyonga kwa kupitia nyuma au mbele, na makatazo hutofautiana. Waliopasuliwa kwa nyuma kwa kawaida huambiwa wasikunje nyonga kupita pembe ya kiti na wasipishanishe miguu. Huko ni pamoja na kuchuchumaa chooni, kukaa jamvini kula, na kusujudu chini. Mpasuaji akisahau kumwambia mtaalamu wa mazoezi kapitia wapi, na mtaalamu akasahau kumuuliza mzee anaswali vipi, mzee atarudi nyumbani na alfajiri ya kwanza atashuka kwenye msala. Ruhusa ya kuswali juu ya kiti kwa mgonjwa inajulikana, lakini mzee lazima aambiwe anaihitaji, na kwa muda gani. Muulizeni daktari kwa maneno hayo hayo, "Daktari, anaweza kusujudu lini?", kwa sababu karatasi ya kuruhusiwa mara nyingi haina neno hilo.

Barua ya kurudi nyumbani

Sisi wa wilayani ndio tunaopokea mwisho. Wagonjwa wengi hufika na mguu wenye chuma ndani, au wenye vile vyuma vya nje ambavyo watu huviita antena, na barua ya mistari miwili. Mistari miwili haitoshi. Ninachohitaji kujua ni alipasuliwa nini na tarehe gani, nyuzi zitoke lini (kawaida ni kati ya siku ya 10 na ya 14), ameruhusiwa kukanyagia kiasi gani, dawa ya kuzuia damu kuganda inaisha lini, na eksirei nyingine ipigwe lini. Kwa mwenye antena nahitaji kujua pia nani ataitoa.

Hospitali kadhaa nchini, MOI ikiwemo, hutumia chuma cha ndani kinachotolewa na shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999, kwa ajili ya hospitali za nchi kama zetu. Wapasuaji wake huweka taarifa za kila mgonjwa katika kumbukumbu moja, na mgonjwa akirudi kliniki hupigwa picha akiwa amechuchumaa na kutabasamu, ili hata daktari asiyemjua aone goti na paja vimefikia wapi. Kwa hiyo ukiambiwa uchuchumae mbele ya kamera usione haya, na tarehe hiyo ya kurudi usiikose kwa sababu tu unajiona umepona.

Picha za eksirei ni mali yako kuzitunza. Usizikunje, usizilowanishe, na kama una simu zipige picha ukizielekeza dirishani kwenye mwanga, pamoja na barua yenyewe pande zote mbili. Siku ya kuruhusiwa, isome barua hapo hapo wodini ukiwa na daftari lenu mkononi. Kama siku ya kutoa nyuzi haikuandikwa, au haikuandikwa kama mguu unakanyagiwa, mrudie muuguzi kabla hamjafika getini. Daktari aliyeandika bado yuko kwenye jengo saa hiyo, na kesho huenda ni zamu ya mwingine.